Jokofu: ni joko lililokufa au joko la barafu?

#1 Tandabui
Wakuu, habari zenu. Jana mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne, alikuwa anafanya zoezi la msamiati mezani. Akafika kwenye neno "jokofu", akaniuliza, "Mjomba, kwa nini linaitwa hivyo?" Nikamjibu haraka haraka kwamba ni joko pamoja na -fu ya mfu, yaani joko lililokufa. Akatulia kidogo, halafu akauliza, "Lilikufa na nini?" Nikakosa jibu.

Joko najua ni pale wafinyanzi wanapochomea vyungu. Lakini nimewahi kusikia pia kwamba ile -fu ni ya barafu. Mwenye ujuzi anisaidie. Na kama mna habari za majina mengine ya vyombo vya nyumbani, zileteni humu humu. Tunayataja kutwa kucha bila kuyachungulia ndani.

#2 Kalamu Kavu
Barafu, bila shaka. Joko + barafu = jokofu. Waunda maneno hukata kipande huku na kipande kule, wakaunga. Umeshajibiwa.

#3 Mzee wa Ngeli
Kalamu Kavu, usifunge mlango mapema hivyo.

Nianze na mwanzisha uzi. Joko liko ngeli ya LI-YA. Kivumishi chenye mzizi wa silabi moja kikija kwenye ngeli hiyo huchukua ji-: jicho jipya, jembe jipya. Kwa hiyo joko lililokufa lingekuwa "joko jifu". Tungekuwa leo na "jokojifu" jikoni. Jibu ulilompa mtoto lina ufa.

Lakini barafu nayo siipi ushindi. Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, kwao barf ni theluji. Ukilikata ukabakiza "fu", umebakiza irabu ya mwisho tuliyoongeza wenyewe pamoja na herufi moja tu ya neno la asili. Huo ni mkia mfupi mno kubeba maana ya baridi.

#4 Mama Wawili
Mimi nasema friji. Mume wangu anasema friji. Watoto wanasema friji. Jokofu nalisikia kwenye taarifa ya habari na kwenye madaftari ya watoto, basi. Silidharau, ni neno zuri, ila nani hapa amewahi kumwambia mtu "toa maziwa kwenye jokofu" akiwa hasomi kitabu?

#5 Chembe
Friji yenyewe si neno la chombo, ni jina la kampuni: Frigidaire. Watu wakafupisha. Kwa hiyo kabla ya hiyo kampuni hakukuwa na friji wala jina lake.

#6 Kalamu Kavu
@Chembe hapo rekebisha kidogo. Frigidaire ni jina la miaka ya mwisho ya 1910. Neno "refrigerator" ni la zamani zaidi ya hapo. Mmarekani Thomas Moore alipata hataza ya kitu alichokiita hivyo mwaka 1803, na hakikuwa na umeme hata chembe (samahani kwa kutaja jina lako). Lilikuwa pipa la mbao la kusafirishia siagi, ndani lina chombo cha bati, kati yake barafu, nje limefunikwa manyoya ya sungura. Baadaye jina hilo likapewa kabati la barafu, na mashine ya umeme ilipokuja ikalirithi. Kifaa kimebadilika mara mbili, jina limekaa pale pale.

Inawezekana Frigidaire ilichangia kufanya ufupisho uandikwe na ule mwanzo wa "fri", hilo silikatai. Ila jina halikuanzia kwao.

#7 Chembe
Nimeelewa mkuu, asante. Manyoya ya sungura sikuyategemea.

#8 Fundi Baridi
Wakuu, natengeneza friji mwaka wa kumi na tisa sasa. Ngeli siziwezi, lakini naomba nisikilizwe kidogo kwa upande wa mashine.

Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Kompresa inaibana gesi, gesi inapata moto, inapita kwenye yale mabomba membamba ya nyuma ikimwaga joto lake hewani hadi inageuka kimiminika. Halafu inapenyezwa kwenye tundu dogo sana, inaingia ndani ya kabati, inachemka kule kule kwenye baridi na kunywa joto la vilivyomo. Kisha inarudi tena kwa kompresa. Weka kiganja karibu na mgongo wa friji inayofanya kazi utalisikia hilo joto. Kwa hiyo aliyesema joko limekufa amekosea kifundi. Joko liko hai, liko nyuma.

La pili. Kabla umeme haujawafikia wengi kulikuwa na friji za mafuta ya taa. Nimefanya kazi na mbili tu, zote za wazee walioshindwa kuachana nazo. Chini kuna tangi bapa la mafuta, linachomolewa kama mtoto wa meza. Juu yake utambi wa duara, moto wa buluu, na bomba la moshi linalopanda nyuma mpaka juu. Moto ule ndio unaochemsha maji yenye amonia, na mzunguko mzima unaanzia hapo. Haina kompresa, hailii, haitetemeki. Mtindo huo ulibuniwa na vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi.

Utambi ukiwaka upande, moto unakuwa wa njano, masizi yanajaa kwenye bomba, na barafu inaanza kuyeyuka. Unapiga magoti, unachungulia moto, unaukata utambi sawasawa kwa mkasi, unasubiri moto urudi kuwa wa buluu. Yaani unachochea ili igande! Mtu aliyewahi kupiga magoti mbele ya kitu kile, akiambiwa kinaitwa joko, atakubali tu.

#9 Tandabui
Fundi Baridi, umenifanya nisome mara tatu. Kumbe kulikuwa na moto kweli kweli. Asante sana.

#10 Kalamu Kavu
Joko la barafu! Si niliwaambia?

#11 Mzee wa Ngeli
Fundi ametupa jambo kubwa, nampongeza. Lakini hajaonyesha kwamba aliyeliunda neno aliwahi kuiona friji ya utambi. Kufaa kwa jina ni kitu kimoja, asili ya jina ni kingine. Majina mengi huwafaa wenyewe kwa bahati tu.

Na nirudi kwenye hoja yangu ya #3, maana nimeifikiria usiku. Kuna -fu nyingine: tukufu, pungufu, kunjufu, potovu ikiwa na v. Hiyo huunda sifa kutokana na kitenzi. Joko si kitenzi, kwa hiyo haiingii. Lakini vilevile tuna "maji mafu", maji ya bahari yasiyopwa wala kujaa sana. Hapo -fu haimaanishi kutoa roho, inamaanisha kupungua nguvu. Kwa maana hiyo "joko fu" lingekuwa joko lililopoa. Ule ufa wa ji- bado upo, ila mwundaji wa neno ana uhuru ambao mwandishi wa insha hana. Kwa hiyo jibu la Tandabui nililolikataa jana, leo nimelirudisha nusu.

#12 Fundi Baridi
Mzee heshima yako. Niongeze neno moja linaloniuma kwenye kazi hii: "gesi". Mteja anakuja, "fundi niwekee gesi". Amonia ilikuwa gesi. Ile ya salfa iliyokuwa sumu ilikuwa gesi. Ikaja R-12 karibu na mwaka 1930, ikapendwa kwa kuwa haiwaki wala haidhuru mtu, kumbe inakula tabaka la ozoni, hadi ukaja Mkataba wa Montreal wa 1987. Ikafuata R-134a. Sasa friji nyingi mpya zina R-600a, ambayo inawaka kama ya jiko. Zote hizo zinaitwa "gesi", neno halijasogea.

Kijana wangu wa kazi aliwahi kuchomelea bomba la friji mpya akidhani ni ile gesi ya zamani, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia tu "toa gesi uchomelee" na nikaondoka. Ilibaki kidogo ndani. Moto ukampitia usoni, ukachukua nyusi zote mbili. Macho yalisalimika. Tangu siku ile kwangu hakuna kusema gesi, unataja namba.

#13 Mama Wawili
Pole kwa kijana, fundi. Sasa mmenikumbusha pasi.

Bibi yangu alitumia pasi ya mkaa ujana wake wote. Nzito, ina vitundu ubavuni, na komeo lake mbele lilikuwa kijogoo kidogo cha shaba, ukikigeuza shingo kifuniko kinafunguka. Makaa yakizimika unaipunga, mbele nyuma, mbele nyuma, yanashika tena na majivu yanaruka. Alipoletewa ya umeme aliipokea vizuri, akajifunza swichi na kile kitasa cha joto. Lakini kila mara kabla ya kuigusisha nguo aliipunga kwanza mara mbili hewani, waya ukining'inia. Aliipunga hivyo hadi alipoacha kupiga pasi kabisa kwa uzee. Hatukuwahi kumwambia aache.

Neno ni lile lile, pasi. Hivi asili yake ni nini? Mimi nilifundishwa ni "press" ya Kiingereza.

#14 Mzee wa Ngeli
Sikubali "press". Kiswahili hakina tabia ya kumeza r ya Kiingereza iliyoshikana na konsonanti. Tazama breki, treni, printa, programu, drafti. Kwa nini r ipotee kwenye pasi peke yake? Tafuta kwa Wareno. Kwao kupiga pasi ni "passar a ferro", kupitisha chuma, na wengi husema "passar" tu. Wareno hao ndio waliotuachia meza, leso, pipa na bomba. Mwaka 1882 Henry Seely anapata hataza ya pasi ya umeme kule New York, Wareno walikuwa wameshaondoka pwani ya kaskazini kwa zaidi ya miaka mia moja.

#15 Shombo
Mzee, hapo naona umeruka. Kwamba Wareno waliondoka mapema haithibitishi kwamba walituachia neno hilo. Meza na leso ni majina ya vitu, vinakuja na kitu chenyewe. "Passar" ni kitenzi. Sisi tumelifanya kuwa jina la chombo, na kitenzi tumekipa "kupiga". Njia hiyo ni ndefu. Mimi sijui wa tatu ni nani, ila hao wawili wote sijawaridhia.

Mimi nimeleta la kwangu: pangaboi. Nilikua najua ni "panga", kwa sababu mabawa ya feni tunayaita mapanga, na yanazunguka juu ya kichwa chako kama yatakukata. Halafu nikasoma kwamba kwa Wahindi "pankha" ni pepeo, na kabla ya umeme lilikuwepo pazia kubwa linaloning'inia darini, na mtu alikaa pembeni au nje ya ukuta akilivuta kwa kamba kutwa nzima ili wenye nyumba wapate upepo. Huyo mvutaji Waingereza walimwita "punkah boy". Kwa hiyo pangaboi ni mtu.

Tangu nilipojua siwezi kuitazama feni ya darini bila kumfikiria yule aliyekaa nje na kamba. Mashine ilichukua kazi yake, ikachukua na jina lake, yeye hatujui hata aliitwa nani.

#16 Chembe
Shombo, hili limeniingia. Lakini panga nalo usilitupe. Pengine neno lilikuja kwa njia ya Wahindi, likakaa kwa sababu sisi tulisikia panga ndani yake. Neno geni likipata jamaa wa kufanana naye halihami tena.

#17 Kalamu Kavu
Na si feni tu. "Computer" kwa Kiingereza alikuwa mtu. Ilikuwa kazi ya kuajiriwa, unakaa na kalamu unapiga hesabu za nyota au za mizinga. Mashine ikaja ikarithi cheo. Sisi tukapendekezewa tarakilishi, wengine ngamizi, na watu wengi wakaendelea na kompyuta.

#18 Mama Wawili
Ndiyo hoja yangu ya #4. Neno la kamati haliwezi kumshinda mwenye nyumba.

#19 Mzee wa Ngeli
Dada, si kila mara. Runinga ilibuniwa, na anayetajwa kuwa mbunifu wake ni marehemu Sheikh Ahmed Nabhany. Leo inaandikwa magazetini na kusemwa na watu wasiomjua. Waliosema ni neno la kuungaungwa niwaambie kwamba "television" yenyewe imeungwa kwa kipande cha Kigiriki na kipande cha Kilatini, na Constantin Perskyi alipoitamka Paris mwaka 1900 hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye chombo hicho nyumbani. Neno lilitangulia kitu.

#20 Kalamu Kavu
Basi Mzee umejifunga mwenyewe. Kama vipande vinakubalika kwenye televisheni na runinga, kwa nini "fu" ya barafu uliikataa #3 kwa kuwa ni kipande?

#21 Mzee wa Ngeli
Umenishika. Nitajibu, nipe muda.

#22 Chembe
Wakati Mzee anajipanga, mimi swali langu ni vitenzi. Tunasema washa simu, washa kompyuta, washa feni. Kuwasha ni kutia moto. Zima nayo ni kuua moto. Taa ya utambi uliiwasha kwa kiberiti, sawa. Feni unaiwashaje, inaungua nini? Kwangu mimi taa ndiyo ya kwanza kuhama kutoka utambi kwenda kwenye swichi, ikahama na kitenzi chake, halafu kila chenye swichi kikafuata nyuma.

Na kiberiti chenyewe mnajua maana yake? Kwa Kiarabu kibrit ni salfa. Kijiti cha kiberiti bado kina salfa kichwani. Lakini kiberiti cha gesi hakina kabisa, na bado ni kiberiti.

#23 Shombo
Kwenye washa sikubaliani. Jua linawaka, kidonda kinawaka, macho ya paka yanawaka gizani. Hakuna aliyeyatia moto. Kuwaka kulikuwa na maana pana tangu zamani, kwa hiyo umeme haukulihamisha neno, ulilikuta lina nafasi.

#24 Chembe
Taa ya umeme ndiyo, inang'aa kama jua. Feni je? Haing'ai wala haichomi.

#25 Fundi Baridi
Na redio tunasema "fungulia". Zile za zamani zilikuwa na kitasa cha kuzungusha, cha kwanza kinatoa mlio wa "tak", ndiyo umeme umeingia, ukiendelea kuzungusha sauti inaongezeka. Ni mkono wa kufungulia maji. Leo unagusa kioo tu na bado mtu anakuambia "fungulia muziki".

Bomba pia lina kisa. Kwa hao Wareno wa Mzee ni mashine ya kuvuta na kusukuma maji. Pampu ilipoingia kutoka Kiingereza ikachukua kazi ya kusukuma, bomba likabaki na njia ya maji. Ila hospitali wanasema bomba la sindano, na lile linasukuma kweli.

#26 Kalamu Kavu
Nani ataitaja simu? Haya, mimi. Kwa Kiajemi "sim" ni waya. Kamusi za zamani zinaeleza simu kuwa telegrafu, na waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879. Kisha ikawa ya kuongea. Kisha waya ukakatwa, tukabaki na simu isiyo na waya, yaani waya usio na waya, na tunaikata kila tukimaliza kuongea.

#27 Mama Wawili
Nimecheka peke yangu jikoni. Watoto wameniuliza nina nini.

#28 Tandabui
Wakuu nimerudi, nimesoma yote. Jioni nilimkalisha yule binti nikamweleza: wengine wanasema joko lililopoa, wengine joko la barafu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Nikamsimulia habari ya utambi na moto wa buluu. Akanyamaza, akaenda nyuma ya friji, akaweka kiganja. Akaniita. "Mjomba, joko hili hapa. Lina joto." Nikamwambia ndiyo, fundi mmoja kasema hivyo hivyo. Akaandika kwenye daftari lake: *Jokofu lina joko nyuma.* Halafu akainua kalamu akaniuliza, "Sasa fu iko wapi?"

#29 Fundi Baridi
Mwambie amefanya vizuri, ila asiguse nyuma akiwa peku au mikono ikiwa na maji. Na kama mabomba yana vumbi chomoa plagi kwanza, upanguse kwa brashi laini. Vumbi likijaa joto halitoki na kompresa inachoka.

#30 Mzee wa Ngeli
Tandabui, mwambie babu wa mtandaoni bado anaitafuta hiyo fu. Kalamu Kavu, deni lako la #20 nalikumbuka.

#31 Mama Wawili
Na pasi, Mzee. Shombo kasema hajaridhia wote wawili, na mimi bado nimekaa hapa nasubiri.